Candombe ya Uruguay: ngoma na nyumba yake

Hapa kwetu, mtu akisikia Uruguay anafikiri mpira tu: Kombe la Dunia la 1930 na lile la 1950. Wachache wanajua kama ile nchi ndogo iko na ngoma zenye mizizi huku Afrika. Wakati wa utumwa, watu weusi wa mji wa Montevideo walikuwa na vyama walivyoviita "mataifa", na kati yao taifa la Kongo. Walikuwa na mfalme wao, na siku kuu yao tarehe 6 Januari. Utumwa uliondolewa kwa sheria mwaka 1842. Ngoma yenyewe ikabaki, jina lake candombe.

Ngoma ni tatu. Chico ndiyo ndogo, yenye sauti ya juu. Inarudia pigo lake bila kuchoka. Repique inaita, inajibu, inatia maneno yake. Piano (si kile kinanda) ndiyo kubwa yenye sauti nzito, inabeba wenzake. Mpigaji anaibeba kwa mkanda begani, mkono mmoja mtupu, mwingine na fimbo, na anapiga akitembea. Mbele ya kuanza, wanawasha moto barabarani ili ngozi zikaze. Ngoma moja peke yake haifanyi candombe: kila moja inaacha nafasi, mwenzake anaijaza.

Miaka ya 1960, kundi El Kinto, ambamo walikuwa Eduardo Mateo na Rubén Rada, walichanganya candombe na gitaa za umeme. Je, waliharibu mila? Sisi tunasema hapana. Mateo hakuweka ngoma pembeni ya gitaa kama pambo. Alitia pigo la ngoma ndani ya mkono unaopiga nyuzi, hata gitaa yenyewe ikaanza kusema kama ngoma. Anayeweza kufanya vile amesikiliza sana. Naye mama Lágrima Ríos (1924–2006), mwimbaji mweusi, aliimba tango na candombe yote mawili, wala hakukubali kuachia wengine moja kati yake.

Lawama yetu iko pengine. Tangu 1956, mji wa Montevideo unapanga kila mwaka, wakati wa karnavale, maandamano yanayoitwa Llamadas, maana yake "miito". Kuna majaji, kuna pointi, kuna zawadi. Hatukatai uzuri wake: vijana wengi wanajifunza, mavazi yanapendeza, mji mzima unasimama kutazama. Lakini zamani ule mwito ulikuwa wa kumtoa jirani nyumbani kwake. Ngoma inayomwita jaji, inamwita nani tena?

Kuna jambo zito zaidi. Mtaa wa Barrio Sur ulikuwa na nyumba kubwa ya wapangaji, jina lake Mediomundo, vyumba vingi kuzunguka uwanja mmoja. Pale watoto walijifunza pigo kabla ya kujua kusoma. Tarehe 3 Desemba 1978, serikali ya wanajeshi ilitoa watu wote mle, kisha nyumba ikabomolewa. Wakaaji wa Ansina, mtaa mwingine wa ngoma, nao walifukuzwa. Hakuna aliyehitaji kukataza ngoma: kutawanya familia kulitosha kuiumiza. Ndiyo maana tangu 2006 tarehe ile ni siku ya taifa ya candombe. Na ngoma haikufa, juu ya wale waliotawanywa waliibeba mpaka mitaa mingine.

Mwaka 2009 Unesco iliandika candombe katika orodha ya urithi wa watu wote, na iliandika pia mahali pake pa kijamii. Hapo tunapongeza, sababu jina lile limeona mbali kuliko zawadi za karnavale. Rumba yetu nayo iliandikwa mwaka 2021, na sisi wote tulishangilia. Lakini tujiulize: baraza ambamo mtoto anajifunza ngoma kwa mjomba wake, nani anailinda? Wengine watapenda kusema "candombe ni yetu, ilitoka Kongo". Tusikimbilie kudai. Mbegu ilitoka huku na kwa mataifa mengine ya Afrika. Waliolinda mti ni wale wa Montevideo. Heshima yetu kwao ni kulinda viwanja vyetu, kabla ya kutafuta jukwaa.