Furaha Nayo Inataka Ufundi

Wenzangu wa kalamu, hebu tuambizane ukweli. Ni nani kati yetu hajamuua mhusika ili hadithi yake ionekane nzito? Mimi nimeua watatu. Wa kwanza aligongwa na basi, wa pili alifia leba, wa tatu alizama baharini na mpaka leo sijui alifuata nini huko. Nilipozisoma hadithi hizo mbele ya wenzangu, dada mmoja aliyekaa nyuma aliuliza swali moja tu: "Kwani kwenu huwa hamcheki?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilinuna, lakini swali lile halikunitoka kichwani.

Ndiyo maana leo sihakiki riwaya wala diwani. Nahakiki picha za mama mmoja wa Kanada aliyeitwa Maud Lewis. Usiniulize Kanada inatuhusu nini sisi. Soma kwanza, ugomvi baadaye.

Maud alizaliwa mwanzoni mwa karne ya ishirini katika jimbo la Nova Scotia, kwenye pwani ya Atlantiki. Baba yake alikuwa mhunzi na fundi wa hatamu za farasi. Mama yake alimfundisha kuchora kadi za Krismasi za kuuza kwa majirani. Tangu utotoni aliugua baridi yabisi, ugonjwa uliomkunja vidole na kukisukuma kidevu chake kuelekea kifuani. Mwaka 1938 aliolewa na Everett Lewis, muuza samaki wa kupita mlango kwa mlango, wakaishi kijiji cha Marshalltown, karibu na mji wa Digby. Nyumba yao ilikuwa ya chumba kimoja, takriban mita nne kwa nne, na juu yake dari dogo la kulala. Umeme hakuna. Maji ya bomba hakuna. Humo alikaa mpaka alipofariki mwaka 1970, na humo alichora: mlango, vioo vya dirisha, ngazi, jiko la chuma, hata sahani ya kuzolea taka. Ukiitazama nyumba hiyo kwenye picha, utadhani maua yameota ndani na kutambaa ukutani.

Barabarani aliweka kibao kwamba picha zinauzwa. Wasafiri wakisimamisha gari walinunua kwa dola mbili tatu, na baadaye tano. Basi.

Sasa tuingie kwenye fani. Maud hakuwa na turubai la wachoraji wasomi. Alichora juu ya hadibodi na makadi. Rangi zake nyingi, hasa miaka ya mwanzo, zilikuwa masalia ya rangi za kupakia maboti na nyumba. Hakupenda kuchanganya rangi: nyekundu ni nyekundu, bluu ni bluu. Vivuli hakuna. Filamu fupi ya mwaka 1976 iliyotengenezwa na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada ilimwita mchoraji wa dunia isiyo na vivuli, na jina hilo lilimkaa sawasawa. Kuna picha zake ambamo theluji imetanda kote lakini miti bado ina majani mekundu ya msimu uliopita. Mwalimu wa sanaa angemkata alama. Mimi nasema hapo ndipo penye siri. Alichora kutoka kumbukumbu, na kumbukumbu haina kalenda. Kitu kizuri ulichokiona mwezi wa kumi unaweza kukining'iniza kwenye mti wa mwezi wa kwanza, mradi picha ikikubali.

Na alichora nini? Maksai wawili ndani ya nira, wamevishwa kengele shingoni. Watu wakienda matembezini juu ya theluji kwa gari la kukokotwa na farasi. Maboti bandarini na shakwe juu yake. Ile ni pwani ya Ghuba ya Fundy, ambako maji hujaa na kupwa kupita mahali pengine popote duniani, hata tofauti yake kufika mita 16. Maji yakitoka, maboti yanabaki chini kabisa ya gati. Sisi wa mwambao tunaojua bamvua tunaweza kuielewa picha kama hiyo bila mkalimani. Halafu wapo paka wale weusi, watatu watatu, wanakutazama kama wanakudai.

Rafiki yangu mmoja, mhakiki mwenzangu, alizipitia picha hizo akanirudishia kitabu. "Mshikaji, hizi ni picha za kalenda," akasema. "Huyu mama anatudanganya." Hoja yake si ya kupuuzwa. Maumivu ya vidole hayamo ndani ya picha zile. Mume aliyesifika kwa ubahili hamo. Mtoto wa kike aliyemzaa mwaka 1928 nje ya ndoa, akalelewa na watu wengine, hamo. Jirani kabisa na nyumba yao palikuwa na makazi ya maskini ya wilaya, ambako Everett alikuwa mlinzi wa usiku. Nayo siyaoni katika picha ninazozijua. Je, msanii aliyeuficha uchungu wote huo ni mkweli?

Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Jibu langu ni hili. Uongo ungekuwa kuchora maisha asiyoyajua: majumba ya kifahari, ngazi za marumaru, wanawake wenye vidani. Maud hakuchora hayo. Alichora kazi na mapumziko ya watu wa pale pale kwao: anayeongoza maksai, anayerudi na samaki, anayeteleza kwenye barafu kazi ikiisha. Kengele ya maksai na mshono wa hatamu vipo kwa sababu alikua akiviona kwa baba yake. Furaha yake ina anwani. Halafu fikiria mkono wenyewe. Mtu ambaye vidole vyake havifunguki anapopaka ua moja, kisha la pili, kisha la ishirini, huwezi kusema hajui maumivu. Anayajua kuliko mimi niliyemzamisha mhusika wangu nikiwa nimekaa kitini nakunywa chai.

Lakini sitampamba mpaka aoze. Picha zake nyingine ni dhaifu. Wateja walitaka paka, akawapa paka; walitaka maksai, akawapa maksai, mwaka hadi mwaka. Katika baadhi ya marudio hayo unaona mkono umechoka na jicho limelala. Tusimlaumu sana, maana kibao cha barabarani ndicho kilicholeta mkate. Ila tusijifanye hatuoni. Furaha iliyorudiwa bila kuangaliwa upya inageuka chapa.

Ipo pia filamu ya hadithi ya mwaka 2016 iitwayo Maudie, iliyoongozwa na Aisling Walsh. Sally Hawkins ameigiza bomba. Mwili wake wote unachora. Ugomvi wangu ni na filamu yenyewe. Inataka kutuambia kwamba furaha ya Maud ilitoka kwenye mapenzi, kwamba mume mkali alilainika polepole na picha zikazaliwa. Hapana bwana. Alishika brashi tangu utotoni, kabla Everett hajawa Everett wake. Na filamu ilipigwa Newfoundland, si Digby. Zile nyika tupu zenye upepo zinapendeza, lakini zinamfanya aonekane mpweke katikati ya jangwa la mawe, wakati picha zake zimejaa majirani, barabara na madaraja.

Nikimwangalia Maud namkumbuka Edward Saidi Tingatinga. Hawakujuana. Huyu alikuwa kijana wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sitini, naye kwa rangi ya mafuta ya madukani juu ya hadibodi, naye akiuza picha zake kando ya barabara, Morogoro Stores. Yeye alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, lakini chui wake bado wanacheka. Wote wawili waliitwa wachoraji wa watalii. Wote wawili bei zao zilipanda walipokwisha kuzikwa. Mwaka 2022 picha moja ya Maud, ya lori jeusi, iliuzwa kwenye mnada kwa dola za Kanada 350,000. Wenye mkahawa mmoja wa London, Ontario, walikuwa wameipata miaka ya sabini kwa kubadilishana na mikate ya jibini. Nyumba yake nayo serikali ya jimbo iliinunua mwaka 1984, na leo imo ndani ya jumba la sanaa mjini Halifax. Nyumba ndani ya nyumba! Alipokuwa hai, ndani yake hamkuwa na bomba la maji.

Wenzangu, sisemi tuache kuandika misiba. Misiba ipo na inataka waandishi. Nasema tusiitumie kama chumvi ya kuficha chakula kisichoiva. Kuandika mazishi ni rahisi, maana msomaji anakuja na machozi yake mwenyewe. Jaribu kuandika fundi cherehani anayefurahi mshono umenyooka. Jaribu vijana watatu wanaopanda lori la mchanga bila nauli mpaka ufukweni, wanaogelea, wanarudi kwa miguu huku wakiimba, na hakuna anayekufa. Msomaji hatakusaidia hapo. Kila kitu lazima ukilete wewe.

Mimi nimeanza. Nimemfufua yule aliyezama. Sasa yupo kwenye ngalawa na shemeji yake, wanabishana jinsi ya kupika pweza, na nimekwama ukurasa wa tatu. Yule dada wa swali, kama unasoma, nitakuletea ikikamilika.