AKIBA YA HEWA: UHAKIKI WA ISTILAHI ZA UPIGAJI MBIZI

Istilahi ya kifundi hupimwa kwa usahihi wake kabla ya kupimwa kwa uzuri wake. Kipimo hicho chahitajika hasa katika kanuni za vifaa vya kupumulia vya wapiga mbizi, kwani humo neno likipotoka, anayeumia ni mtu aliye chini ya maji.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, haufikiriwi mara nyingi kuwa mkoa wa maji. Hata hivyo, wilaya yake ya Busega inapakana na Ziwa Viktoria. Katika ziwa hilohilo kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa mtu mmoja akiwa hai. Mtumishi aliyeko Bariadi, makao makuu ya mkoa, aweza basi kutakiwa kufasiri kanuni za kazi hiyo.

Kosa la kwanza ni kuuita mtungi wa mpiga mbizi "mtungi wa oksijeni". Kwa kawaida mtungi huo una hewa iliyoshindiliwa. Oksijeni tupu, ikivutwa zaidi ya kina cha mita 6 hivi, yaweza kumtia mtu degedege akafa maji.

Kosa la pili limejificha zaidi, nalo ni kuviita vitu mbalimbali "vifaa vya akiba". Kanuni za Marekani zinamtaka kila mpiga mbizi wa kazi anayejichukulia hewa yake awe na akiba. Akiba hiyo ama ni vali ya mkono inayobakiza hewa katika mtungi uleule, ama ni mtungi mwingine unaojitegemea. Kanuni za michezo za Ufaransa zinamtaka kiongozi wa wapiga mbizi awe na vidhibiti hewa viwili kamili. Kimoja kikiharibika, cha pili humwokoa. Lakini hewa ikiisha mtungini, vyote viwili havina kazi. Ndivyo kilivyo pia kinywa cha pili anachopewa mwenzi: hakiongezi hata pumzi moja.

Katika Kiswahili akiba ni kitu kilichowekwa kando kwa ajili ya baadaye. Mkulima wa Bariadi akitoboa mlango wa pili katika ghala lake, hadai kwamba ameongeza akiba ya nafaka.

Kwa hiyo yapendekezwa tuseme "akiba ya mtungini" kwa hewa inayobakizwa na vali, "mtungi wa akiba" kwa ule unaojitegemea, na "kidhibiti cha pili" au "kinywa cha pili" kwa vile vinavyotumia hewa ileile. Mfasiri asiandike "akiba" kabla ya kujiuliza: je, hewa yenyewe imeongezwa au imebakizwa, ama ni njia ya kuivutia tu?