Aqua Mlimani: Kilomita 35 kwa Lita ni za Nani?

Mjomba wangu analima tangawizi Mamba Miamba, Upare ya kusini. Juzi kati alinitumia picha ya Toyota Aqua kwa WhatsApp, pamoja na maneno ya muuzaji: "Kilomita 35 kwa lita. Mlimani ndiyo kwake, ikishuka inajichaji yenyewe." Chini yake akaandika: "Mpwa wangu, wewe umesoma fizikia. Ni kweli hii?"

Sisi Wapare tunasemwa sana kwa kubana hela, lakini hapa mjomba ana haki. Anayotaka kuitoa ni akiba ya misimu kadhaa, na gari linatakiwa limshushe Same mjini na kumrudisha akiwa na mzigo. Kwa hiyo tuyachambue maneno ya muuzaji kipande kwa kipande.

Kwanza, ile namba. Si ya uongo. Aqua ilipoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, ilitangazwa kwenda kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo kinachoitwa JC08. Ila kipimo hicho hufanyika maabara, magurudumu yakizunguka juu ya rola, kwa umbali wa kilomita 8 hivi na dakika 20, huku kukiwa na kuondoka na kusimama kwingi kama mjini. Kilima hakuna hata kimoja. Tope hakuna, wala gunia la tangawizi. Namba hiyo inafaa kulinganisha magari yenyewe kwa yenyewe. Haikuambii utatumia mafuta kiasi gani wewe unayepanda Mamba.

Pili, hili la kujichaji. Gari la haibridi lina injini ya mafuta na mota ya umeme. Ukikanyaga breki, mota hugeuka jenereta, na mwendo ambao gari la kawaida lingeupoteza kama joto unaingia kwenye betri. Hiyo ni kweli kabisa. Swali ni betri inabeba kiasi gani.

Tupige hesabu kwa uniti za LUKU, maana hizo kila mtu anazijua. Betri ya Aqua ni ya volti 144 na ampea-saa 6.5, yaani haifiki uniti 1. Tena kompyuta ya gari hairuhusu itumike yote, ili isife mapema. Tuchukulie inayotumika ni kama uniti 0.4.

Sasa weka watu watatu na mzigo kidogo, gari lifike kilo 1,300, kisha lishushe mita 1,000 kutoka juu. Kilo 1,300 mara 9.8 mara 1,000 inakupa jouli milioni 12.7, sawa na uniti 3.5. Hata tukitoa zinazoliwa na msuguano njiani, betri inajaa mapema, na sehemu kubwa ya mteremko bado ipo mbele yako. Ikishajaa haipokei tena. Ni kama umelipa elfu tisa kupanda, ukirudi chini unapewa chenji buku.

Linganisha na mjini. Kusimama kutoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa kunatoa uniti 0.02 tu, ambazo betri inazipokea bila shida. Kushuka zile mita 1,000 ni sawa na kusimama hivyo mara 160 mfululizo. Betri hii ilipimiwa foleni, haikupimiwa Milima ya Upare. Na kumbuka, gari la kawaida la EFI nalo likishuka kwenye gia bila kukanyagiwa mafuta, hukata mafuta karibu yote. Faida ya haibridi hapo ni ndogo kuliko unavyoambiwa. Ukiwa nayo mteremkoni, weka gia kwenye B, injini isaidie kushika gari. Usizichoshe breki.

Tatu, umbo na uendeshaji. Hapa Aqua nina ya kuisifu. Ina urefu wa chini kidogo ya mita 4, inakata kona za mlimani vizuri, na betri ikiwa chini ya kiti cha nyuma, gari linatulia barabarani. Lakini tumbo lake liko sentimita 14 tu kutoka ardhini, pungufu ya urefu wa kalamu ya wino, na hapo hujapakia. Tena Aqua inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukipanda mwinuko mkali na magunia nyuma, uzito unahamia nyuma, ya mbele yanabaki mepesi. Kukiwa na tope, yanazunguka tu.

Nne, bei. Aqua za bei nafuu mara nyingi ni za miaka ya mwanzo, yaani betri nayo ina zaidi ya miaka 10. Betri hiyo hupozwa na feni inayovuta hewa pembeni ya kiti cha nyuma. Vumbi la Same likiziba njia hiyo, au ukiifunika kwa mzigo, betri inapata joto na kuchoka haraka. Kabla ya kulipa, fundi aipime betri na afungue feni aitazame. Bei ya betri nyingine iweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Nilimjibu mjomba kwamba Aqua si gari baya. Kwa mtu anayezunguka Moshi au Dar siku nzima, ningesema chukua. Kwa Mamba, aombe kwanza kupanda na mwenye Aqua: wajaze tenki Same, wapande na mzigo halisi, washuke, wajaze tena, kisha agawanye kilomita kwa lita. Arudie kwa Probox au IST ya jirani.

Amekubali. Ila amesema mafuta ya majaribio nichangie mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma fizikia.