Kamba Ikishavutwa: Namna ya Kumpima Mwongozaji wa Korongo la Baridi

Mpanda Kilimanjaro akizidiwa njiani ana dawa inayojulikana na kila mpagazi: ageuke ashuke. Anayeshuka korongo la milima ya Alps hana dawa hiyo. Mchezo wenyewe ni kuufuata mto kutoka juu kwenda chini, mara kwa miguu, mara kwa kuogelea, mara kwa kuruka vidimbwini, na penye maporomoko marefu kwa kuteremka na kamba. Kamba hupitishwa kwenye pete iliyokazwa mwambani. Wote wakishafika chini huvutwa, ikaanguka miguuni mwao, na ukuta wa mita 30 uliobaki nyuma haupandiki tena. Tangu hapo njia ni moja tu, ya kwenda mbele. Ndiyo maana nashikilia kwamba ubora wa mwongozaji wa makorongo magumu hupimwa kwa jambo moja: ni njia ngapi za kutokea amezibakiza kabla hajaivuta ile kamba. Vichekesho vyake, picha za video na urefu wa mruko anaojivunia ni mapambo.

Hata madaraja ya ugumu yanaliunga mkono jambo hili. Katika mfumo wa Kifaransa, unaotumika sehemu kubwa ya Ulaya, korongo huandikwa kwa mfano v5 a4 IV. Herufi v hupima kazi ya kamba na kuta, a hupima maji, zote kuanzia 1 hadi 7, na wateja wengi husoma hizo mbili kwa sababu ndizo zinazoahidi msisimko. Mjuzi huanza na namba ya Kirumi. Hiyo hueleza, pamoja na mengine, inachukua muda gani kufika mahali ambapo mafuriko hayakufikii: daraja la I unatoka upesi, la IV yaweza kukuchukua hadi saa nzima, la VI ni zaidi ya saa mbili. Muulize mwongozaji sehemu za kutokea ziko wapi na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa muda gani. Mjuzi wa korongo lake atakujibu kwa dakika. Asiyelijua atakujibu kwa kukupigapiga begani.

Dalili nzito zaidi huonekana kabla hamjalowa. Tarehe 27 Julai 1999, katika korongo la Saxetbach karibu na Interlaken, Uswisi, mvua ya radi ilinyesha juu ya bonde na mto ukashuka kwa kishindo. Walikufa watu 21, wakiwemo waongozaji 3. Waliuawa na uamuzi wa kuingia, si na kamba wala boliti. Desemba 2001 mahakama iliwatia hatiani watu 6 wa kampuni iliyoandaa safari, wakurugenzi wakiwemo, na waongozaji 2 wakaachiwa. Mkenya hana haja ya kusafiri hadi Uswisi kujifunza hili, kwa kuwa korongo la Hell's Gate, Naivasha, liliua watu 7 Septemba 2019 kwa mafuriko ya ghafla. Lakini mto wa milima mirefu una hila ya ziada: huweza kujaa bila tone la mvua. Jua la mchana huyeyusha barafu huko juu, na maji huzidi alasiri kuelekea jioni, kwa hiyo safari inayoanza saa nane mchana kwa sababu wateja wamechelewa kuamka ni safari mbovu hata kama anga ni jeupe. Huko Ticino, kusini mwa Uswisi, yapo makorongo yaliyo chini ya mitambo ya umeme wa maji, na lango likifunguliwa mto hupanda bila onyo lolote la angani. Mwongozaji makini huwapigia simu wenye mitambo asubuhi ile ile. Akifika mtoni huchagua jiwe la kumwonyesha kimo cha maji, na akiwa ndani huendelea kuchunguza: maji yaliyobadilika rangi, vijiti na majani yanayoanza kuelea, mngurumo uliozidi. Kazi yote hiyo haina mshangilio, na ndiyo unayoilipia.

Mkishaingia, tazama mikono yake kwenye pete. Yupo anayeifunga kamba ikazwe moja kwa moja mwambani. Ni haraka, ni imara, na kwenye ukuta mkavu hakuna ubaya mkubwa. Lakini mteja akikwama katikati ya maporomoko, nywele zimenaswa kwenye kifaa cha kushukia, maji yanampiga kofia na kumjaa mdomoni, kamba hiyo itamning'iniza hapo hadi mtu amfikie. Fundi huifunga juu ya kifaa chenye umbo la nane kwa namna ambayo yeye aliyebaki juu huilegeza mara moja na kumteremsha mteja hadi kidimbwini, bila mteja kufanya lolote. Kisha tazama mwisho wa kamba. Mpanda miamba hufundishwa kupiga fundo pale ili asiteleze akaanguka. Penye maji yanayojizungusha chini ya maporomoko, fundo lile lile humnasa mtu huku mto ukimrudisha chini. Fundi hupima kamba iishie usawa wa maji, mteja ateleze, aachane nayo, aogelee. Mwongozaji asiyeweza kukueleza kwa nini fundo halipo amejifunzia mwambani, si mtoni. Kwenye miruko kanuni ni fupi: akague kina leo, maana mafuriko huhamisha mawe na magogo, na asiyetaka kuruka awe na kamba ya kushukia.

Kuna pingamizi la haki hapa. Tahadhari zote hizi hula muda, na katika maji yaliyozidi sifuri kwa nyuzi chache tu muda ndio adui. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa. Ni kweli, tena vidole hufa ganzi mapema, mtu angali anaongea na kucheka, na asiye na vidole hafungui karabina, ile pingu ya chuma ya kamba, wala hapandi kutoka korongoni. Njia ya kutokea iliyochorwa ramanini kwake haipo. Ila jibu si kuacha tahadhari. Timu nzuri huwa na waongozaji wawili: mmoja anatangulia kufunga kamba ya maporomoko yajayo, mwingine anawashusha wateja, na hakuna anayesimama kivulini akitetemeka. Mavazi nayo husema: suti ya neopreni ya milimita 5, kifuani tabaka mbili, soksi na kofia ya ndani. Suti zilizotoboka magoti hukuonyesha mwenye kampuni anabana wapi. Na mwongozaji bora hukuomba, katikati ya safari, ugusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho. Ukishindwa, mpango wa siku hubadilika.

Wengine watasema cheti kinatosha. Uswisi ilipitisha sheria iliyoanza kutumika mwaka 2014, inayowataka wanaotoa michezo hii kibiashara wawe na kibali, na usikubali kwenda na asiye nacho. Lakini kibali kinathibitisha kwamba mtu anajua. Hakithibitishi kwamba leo, akiwa na wateja wanane waliokwisha kulipa, atathubutu kughairi. Hapo ndipo masharti ya malipo yanapokuwa kipimo cha ufundi: kampuni inayorudisha fedha safari ikiahirishwa kwa hali ya hewa imemwachia mwongozaji wake uhuru wa kusema hapana. Atakayelalamika kwamba amelipia msisimko, sio woga, hajanyimwa kitu, kwani maporomoko yaliyoachwa leo yatakuwepo wiki ijayo.

Basi kabla ya kuvaa suti, muulize mtatokea wapi maji yakipanda. Akikujibu kwamba leo hayatapanda, dai fedha zako urudi mjini.