Maji Yanayokaa Chini ya Chungu

Mmea wa roshani ukifa, lawama ya kwanza huliendea jua, na ya pili humwendea mwenye nyumba aliyesafiri akasahau kumwagilia. Ungʼoe kwanza uitazame mizizi. Ikiwa ni ya kahawia, inateleza, inavunjikia mkononi na kunuka kama maji ya mtaro, basi mmea huo haukufa kwa kiu, umekufa kwa kuzidishiwa. Ndiyo maana ushauri wa kawaida wa kutafuta “mmea usio na kazi” naona umeanzia mahali pasipofaa. Aina ya mmea ni nusu ya jambo. Nusu nyingine imo katika sentimita chache za chini ya chungu, na hapo ndipo hata mmea mvumilivu kuliko yote hushindwa.

Mfano mzuri ni ule ambao wauza miche huuita ZZ. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na kwao ni huku huku: huota porini kuanzia Kenya, ukapita Tanzania na Zanzibar, hadi Afrika Kusini. Umaarufu wake wa madukani, hata hivyo, ulianzia Uholanzi, ambako wakulima wa maua walianza kuuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1990. Chini ya udongo una viazi vinene, ghala la maji na chakula. Juu, takriban asilimia 91 ya jani ni maji, na kikonyo hufikia asilimia 95. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha jambo jingine. Mmea huu unaweza kufungua vitundu vya majani yake usiku, wakati hewa imepoa na maji hayapotei ovyo, ukavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi, ile ile inayolifanya tufaha bichi liwe kali, kisha ukaitumia mchana milango ikiwa imefungwa. Ukiwa na maji tele hufanya kazi mchana kama mimea mingine. Ukame ukizidi, zamu ya usiku huwa na uzito zaidi. Kwa hiyo kumwagilia kila asubuhi ni kumjazia maji mtu ambaye mtungi wake haujapungua, tena kwa kumwaga juu ya mkeka anaolalia.

Maji hayo huenda wapi? Jibu liko kwenye sifongo ya kuoshea vyombo. Ilowanishe hadi ishibe, ilaze kwenye kiganja mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima: itadondosha tena, ingawa hukuikamua. Chini ya kila kitu chenye vijitundu hubaki tabaka lililojaa maji ambalo mvuto wa dunia pekee hauwezi kulitoa, na unene wa tabaka hilo hutegemea udogo wa vijitundu, si kimo cha chombo. Udongo wa chungu hufuata sheria hiyo hiyo. Chungu kifupi kilichojazwa udongo laini wa bustanini kinaweza kuwa tabaka tupu la maji, na viazi vya ZZ vikawa vimelala humo.

Hapa wenye uzoefu hupinga: ndiyo sababu tunatanguliza kokoto chini. Desturi hiyo ni ya siku nyingi, lakini haifanyi kazi inayosifiwa. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mapengo makubwa ya kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Kokoto huliinua tu lile tabaka na kulisogeza karibu zaidi na mizizi. Dawa ni kuufanya udongo wote uwe wa chenga kubwa, juu hadi chini: mchanga mkubwa wa mto (wa pwani una chumvi), chenga za mkaa, mboji kidogo. Tundu la chini libaki wazi, na maji ya sahani iliyo chini ya chungu yamwagwe.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Roshani nyingi za Dar es Salaam au Mombasa zina upepo na jua la alasiri, na udongo wa chenga kubwa hukauka upesi. Ni kweli, na chungu cha udongo wa mfinyanzi huharakisha zaidi kwa kuwa kuta zake hupumua. Hapo ndoo ya plastiki iliyotobolewa inafaa kuliko chungu. Tena ZZ si wa jua kali. Majani yake huungua. Upande wa magharibi uachiwe waridi la jangwani na mshubiri. Atakayesema heri apande mchicha, nakubaliana naye, ila mchicha kwenye chombo kifupi hudai maji karibu kila siku. Huo ni mkataba mwingine.

Siku ya kumwagilia haitoki kwenye kalenda. Kinyanyue chungu mara tu baada ya kukishibisha, ukumbuke uzito wake; kinyanyue tena wiki mbili baadaye. Kama mkono bado unalemewa, kirudishe chini.