Neno na Ukoo Wake

Liko zoea katika madarasa yetu ambalo halina budi kutazamwa upya. Mwalimu huandika ubaoni maneno kumi, kila moja na maana yake. Mwanafunzi huyanakili, huyakariri, na kesho yake huyarudisha katika jaribio. Baada ya juma moja hayamo kinywani mwake wala katika insha zake. Huo si msamiati. Ni mzigo uliobebwa ukatuliwa.

Neno la Kiswahili haliishi peke yake, lina ukoo. Katika kitenzi soma mna somea, someka, somesha, somo, msomi na usomaji. Aliyefahamu jinsi shina linavyozaa hahitaji kukaririshwa yote hayo, kwani atayatambua mwenyewe popote atakapoyakuta.

Marehemu Shaaban Robert alilijua jambo hili. Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, jina lake latokana na sadiki. Kufikirika, kilichochapwa baada ya kufa kwake mwaka 1962, latokana na fikiri. Kauli ya kutendeka imejenga nchi mbili. Mwanafunzi anayeambiwa tu kwamba hayo ni majina ya nchi za kubuni amenyimwa somo kubwa, maana kauli hiyo yatuonya kwamba linalosadikika si lazima liwe kweli. Hapo sarufi na fikra zimekutana, na orodha ya ubaoni haiwezi kuzikutanisha.

Tena neno hujulikana kwa wenzake katika sentensi. Paa huyu ni mnyama. Paa hili ni la nyumba. Ndege hupaa angani, na mpishi hupaa samaki magamba. Ni upatanisho na muktadha vinavyotenga maana hizo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwanza mwaka 1981, ni shahidi mwema wa maneno. Lakini shahidi hasemi kwa niaba ya mwenye shauri.

Walimu watasema muda hautoshi na mtihani u karibu. Twakiri uzito wa hoja hiyo. Lakini maneno matatu yaliyochambuliwa, yakatungiwa sentensi na kujadiliwa darasani, yana faida kuliko kumi yaliyosahauliwa. Kijana asiye na neno la kutajia fikra yake hulazimika kuazima fikra za wengine. Na taifa halijengwi kwa fikra za kuazima.