Mahadhi kwanza, maneno baadaye: wimbo wa Injili ulivyopata sauti Mbozi

Mwaka 1899 Wamoravian walifungua kituo cha Mbozi kwa Wanyiha, eneo ambalo leo limo mkoani Songwe. Aliyekiongoza hadi 1916 ni Mjerumani Traugott Bachmann, mtoto wa kanisa la waimbaji hasa: Zinzendorf, mlezi wa Wamoravian kule Herrnhut, anahesabiwa kuwa alitunga nyimbo zipatazo 2,000.

Kuzihamishia nyimbo za namna hiyo katika lugha za Kibantu ni kazi ngumu, na ugumu wenyewe unapimika.

Kwanza ni mizani. Wimbo wa Ulaya una idadi maalumu ya silabi kwa kila mstari, beti zote. Kwa Kijerumani na Kiingereza, msalaba ni silabi moja tu. Kwa Kiswahili ni nne. Neema, ambayo kwa Kiingereza ni silabi moja, kwetu ni tatu. Mtafsiri mwenye nafasi nane hutumia saba kwa maneno hayo mawili peke yake, na fundisho lililobaki hulazimika kuachwa nje.

Pili ni mkazo. "Usinipite Mwokozi", wimbo wa Fanny Crosby wa mwaka 1868 unaopatikana katika Tenzi za Rohoni, ni mfano mzuri. Jina lake lina silabi nane kamili, kama mahadhi yanavyodai. Lakini mahadhi hayo hugonga silabi ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Katika "Mwokozi" pigo huangukia "ko", sawasawa na matamshi. Katika "usinipite" huikosa "pi", inayobeba mkazo, na kuishukia "te". Mtafsiri alihesabu vema. Muziki ulikuwa umekwisha kufungwa.

Crosby mwenyewe, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mchanga na akatunga nyimbo zaidi ya 8,000, hakuwa na kikwazo hicho. Mwaka huohuo wa 1868 mtunzi William Doane, akiwahi treni, alimpigia mahadhi mapya. Katika muda wa kama nusu saa Crosby akampa maneno ya "Safe in the Arms of Jesus". Sikio lilisikia muziki, na lugha yake ya kuzaliwa ikajibu.

Nafasi hiyohiyo ndiyo Bachmann aliyowapa Wanyiha alipowahimiza kuiimba Injili kwa mahadhi yao. Faida yake kiufundi ni kubwa. Katika wimbo wa kuimbisha na kuitikia, mstari wa mwimbishaji hunyumbulika: jina refu huongezewa noti za haraka, fupi huvutwa. Kiitikio hubaki kifupi na kilekile, hivyo asiyejua kusoma hushiriki tangu mara ya kwanza. Kisa kizima cha Injili huweza kusimuliwa bila kukatwa ili kitoshe ubeti.

Vita ya Kwanza ya Dunia iliwaondoa wamisionari Wajerumani, lakini wazo lilirudi. Katika miaka ya 1930 Mmoravian mwingine, Franz Rietzsch, alitetea muziki wa Kiafrika kanisani kusini magharibi mwa Tanganyika. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mlutheri, alitunga "Mfurahini, Haleluya" kwa mahadhi ya Kitanzania. Howard Olson wa chuo cha theolojia cha Makumira akautafsiri, na safari hii Kiingereza ndicho kilichohesabu silabi zake kufuata muziki wa Tanzania.